Kisanduku cha Maoni

Kabla Mama Denis, msimamizi wetu, hajaanza masomo yake ya mtandaoni, kila asubuhi alitupa mkono wa salamu. Wanawake kumi na sita wa kituo cha kusaga mawe ya dhahabu, mmoja mmoja, mashine ikiwa bado haijawashwa.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, mayu."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Kwetu Usukumani mtu hujibu hivyo, kwamba ni salama tu, hata kama ameamka na homa. Lakini Mama Denis alikuwa hauachii mkono. Anauliza watoto, anauliza ng'ombe, anauliza tena mhola, na hapo sauti ya mtu inashuka, anamwambia la kwake sikioni. Naye anasema kwa nguvu, kama vile ni mpango wake mwenyewe, "Wewe leo kaa kwenye chekeche." Kwenye chekeche mtu anakaa kivulini, anachekecha unga wa mawe, hanyanyui ndoo. Na hakuna aliyeuliza kwa nini fulani kakaa.

Mimi nilikuwa mpika chai na mfagiaji wa ofisi. Niliishia darasa la saba. Haya yote niliyaona kutoka jikoni, kila siku, miaka miwili.

Halafu wenye kituo, ambao wako Kahama, wakamlipia masomo ya uongozi kwenye chuo cha ng'ambo. Miezi mitatu, kwa kompyuta. Akimaliza atasimamia vituo vitatu, mpaka kile cha Runzewe. Tulimfurahia kwa kweli, maana yeye mwenyewe alianza kwa kubeba ndoo. Kipindi chake kilikuwa saa mbili asubuhi, kwa hiyo muda wa kupeana mikono ukakosekana. Akatuambia amejifunza njia nyingine: mkutano wa dakika tano, watu wamesimama.

"Mwenye changamoto aseme hapa hapa, mbele ya wenzake. Sisi ni timu, hatuna siri. Na anayeona haya, aandike karatasi bila jina, atie humu."

Akanyanyua boksi la biskuti. Tundu nilikuwa nimelitoboa mimi kwa kisu cha vitunguu.

"Na asiyejua kuandika, mama, achore?" Philomena akauliza. Tulicheka, na Mama Denis naye akacheka.

Kati ya wale kumi na sita alikuwepo Zipora, mke wa Mayala. Wenye watoto waliitwa Mama fulani, yeye aliitwa Zipora tu, kwa sababu mimba mbili zilikuwa zimetoka na mtoto hajapata. Mwezi wa pili wa masomo niliona ameacha chai ya maziwa. Anaipokea, anazunguka nyuma ya jiko, anaimwaga. Siku ya tatu nikamfuata.

"Una muda gani?"

Akanitazama sana. "Miezi miwili na nusu. Loveness, usimwambie mtu. Zile mbili nilizitangaza mapema, kila mdomo ukazisema, na umeona zilivyokwenda."

"Simwambii mtu. Lakini zile ndoo?"

"Mama Denis nitamwambia mwenyewe, akinipa mkono."

"Siku hizi hatoi mkono."

"Si anamaliza masomo?"

"Bado wiki sita."

Akaifunga khanga upya, akarudi kazini.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Ya tano nikaenda kusimama mlangoni mwa ofisi. Nilikuwa nimeahidi, najua, lakini nilimwona Zipora akipumzika kila hatua kumi. Mama Denis alikuwa amevaa vile vya masikioni, nyuso za watu zimejaa kwenye kioo, kila mmoja na chumba chake. Akaninyooshea kidole, nisubiri. Nikasubiri mpaka miguu ikaingia ganzi. Alipomaliza alikuwa bado anaandika.

"Kama ni chai sitaki, mwanangu. Kama ni la watu, liandike, nitalisoma Ijumaa na mengine."

Basi nikaandika. "Kuna mtu hafai kubeba ndoo kwa sasa. Awekwe kwenye chekeche." Jina sikuliandika, kwa sababu ya ahadi.

Ijumaa akasoma karatasi tatu. Ya kwanza ilitaka maji ya kunywa, ya pili glavu. Ya tatu ilikuwa yangu. Akaisoma mara mbili.

"Ni nani huyu? Ajitokeze tumsaidie. Hapa hakuna aibu."

"Hafai kubeba ndoo ana nini?" Philomena akasema. "Labda ana mimba ya mtemi."

Watu wakaangua kicheko. Halafu kicheko kikapungua, macho yakaanza kutembea, mtu anamtazama huyu, anamtazama yule, tumboni. Yakamfikia Zipora. Naye alikuwa anacheka, kuliko wote. Akajitwisha ndoo yake, akainama kwa magoti, akachukua na ya pili mkononi, akaondoka akiwa amenyooka.

"Haya, huyo si yeye," Suzana akasema.

Mama Denis akapiga makofi. "Mnaona moyo huo?"

Mimi nilikuwa na birika mkononi. Ningeweza kusema. Lakini kusema pale kungekuwa kumvua nguo mbele ya watu, na yeye alikuwa amekwisha kuwajibu kwa njia yake. Alibeba mbili mbili mpaka mchana. Saa tisa tulimkuta ameketi nyuma ya mashine, khanga imelowa damu.

Zahanati walimpokea vizuri. Nesi alisema huenda ingetoka hata angekaa kivulini, hakuna anayejua. Nililishika neno hilo njia nzima ya kurudi, lakini halikunisaidia.

Asubuhi iliyofuata Mama Denis aliniita.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na hukuniambia."

"Niliandika."

Akafungua faili, akaitoa ile karatasi. Mwandiko wangu anaujua, kila wiki namwandikia sukari na sabuni. Akaukazia macho muda mrefu. Kwenye kompyuta mtu akamwita jina lake, akamwita tena. "Mimi mwenyewe," Mama Denis akasema, "Denis nilimficha mpaka mwezi wa tano." Akajifunika uso kwa mikono miwili, nami nikatoka, maana hakuwa anasema na mimi.

Jioni nilimpelekea Zipora uji. Mayala alikuwa nje anachonga mpini wa jembe. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Zipora alikuwa amelala kwenye mkeka. Niliweka kikombe karibu yake.

"Zipora, ile karatasi niliandika mimi."

"Nani mwingine angeandika?"

"Nilitaka upate kukaa kivulini."

"Najua ulichotaka." Akafumba macho, nikadhani amesinzia. "Usingeandika, siku ile ningebeba moja."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia. Kisha akageukia ukutani, akavuta khanga mpaka begani. Nilikaa pale mlangoni, sikujua kama natakiwa kuondoka, mpaka uji ukapoa na kuweka utando juu.