Sahihi za Kiwanda cha Viatu

Jumanne asubuhi, katika ofisi ya msaada ya kaunti, Lorna Pruitt alikabidhiwa karatasi. Kabla ombi lake halijasomwa, alitakiwa kuomba kazi kwa waajiri ishirini na wanne, kila mmoja atie sahihi na namba ya simu. Nyumbani mwanawe Maisie, wa miezi saba, alibakiwa na kopo moja la maziwa.

Mji wetu una waajiri tisa, ukimhesabu na mwenye duka la majeneza. Jimbo zima la Kentucky linajua hivyo, na ofisi inajua kuliko wote. Alhamisi Lorna alikuwa amewamaliza. Bi Stidham, karani wa dirishani pale ofisini, alimjibu kwamba yeye anahesabu sahihi, si waajiri.

Ndipo Lorna akaenda kwenye kiwanda cha viatu, kilichobomolewa miaka kumi na tisa iliyopita. Siku hizi ni nyasi tupu. Virgil Combs, aliyekuwa msimamizi wa chumba cha soli hadi alipokufa, alikuwa amekaa pale akila mkate wa mahindi. Alimuuliza Lorna habari za mama yake, kisha akatia sahihi. Wasimamizi wengine kumi na wanne walikuja wakifuta gundi mikononi, nao wakatia.

"Soli unajua kubandika?" Virgil aliuliza.

"Mama alinifundisha."

"Basi njoo Jumatatu, mwanangu. Sisi hatukuzoea kumrudisha mtu mikono mitupu."

Bi Stidham alipiga namba zote, na zote zilipokelewa. Halafu akaandika: ombi limekataliwa, mwombaji amepata kazi.

"Lakini hao ni marehemu, Bi Stidham."

"Namba kumi na saba ni baba yangu, nimetoka kuongea naye sasa hivi. Kazi ni kazi, bibie. Ukiikataa unafungiwa msaada miezi mitatu."

Jumatatu saa moja Lorna alikuwa kwenye nyasi, anabandika soli. Anasifiwa kwa mkono mwepesi. Viatu vyenyewe havionekani. Virgil anasema mshahara hutoka Ijumaa, na wake anaungoja tangu azikwe.

Juzi Lorna alirudi kuomba msaada wa wafanyakazi wasiotoshelezwa na kipato. Bi Stidham alimsikiliza kwa upole, akamwambia alete hati ya mshahara. Maisie anapewa maji ya sukari, na ameacha kulia.