Hatua Kumi na Mbili

"Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake," seremala alisema, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika nguzo ya ua. "Wewe hapo hupimi, unajimegea."

"Nani anajimegea?" Mzee Hatua alimjibu. "Nimeanzia ukutani kwako, si kwangu. Hatua kumi. Ulipohamia nilikupimia hatua kumi hizi hizi, ukanipa mkono na shukrani juu."

"Basi nirudishie mkono wangu, maana hizi za leo ni za wizi."

Mvua ilikuwa imelaza ua wote uliotenganisha nyumba zao, na Alhamisi hiyo walitoka asubuhi na mapema kuusimamisha upya. Walikubaliana kuhusu nguzo, kuhusu misumari, hata nani ashike nyundo. Mpaka tu ndio uliowashinda. Wake zao walikuwa wameshajitokeza milangoni, na yule wa seremala alitoka na kisu cha vitunguu mkononi, asije akapitwa na neno.

Sasa, kumwambia Mzee Hatua kwamba hajui kupima ni kama kumwambia kipa hana mikono. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyechora mistari ya uwanja wa mji. Mistari mirefu aliichora kwa kamba, kama wachoraji wote, lakini alama ya penalti aliipata kwa miguu: kisigino kwenye mstari wa goli, macho mbele, hatua kumi na mbili, anadondosha chokaa. Zamani mwamuzi mmoja mgeni alikuja na tepu ili amwumbue mbele za watu. Tepu ikasoma mita kumi na moja kamili. Tangu siku hiyo hakuna mwamuzi aliyejisumbua tena. Hadithi ile ilisimuliwa kila msimu, na kila msimu yule mwamuzi aliongezeka kimo.

Seremala akachomoa tepu yake mfukoni, akaikaza kutoka ukutani, akaenda nayo hadi pale hati yake ya kiwanja ilipotaka. Akapiga jembe mara tatu kwenye tope. La nne likagonga kisiki cha nguzo ya zamani, kimeoza lakini kipo.

"Mwenyewe huyo," alisema. "Umenikata sentimita themanini, jirani."

Mzee Hatua alikitazama kile kisiki kama mtu aliyekutana na mdai wake msibani.

"Ni goti, baba," mkewe alisema kwa upole. "Tangu liugue kabla ya msimu huendi kama zamani. Siku hizi hata mimi nakuacha nyuma, tena nina kapu kichwani."

Mke wa seremala alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake, akameza.

Mzee Hatua hakuwa akiufikiria ua tena. "Niazime hiyo tepu," alisema.

Hakuna aliyehitaji kuuliza anaipeleka wapi. Mji mzima msimu ule ulikuwa na jambo moja tu. Timu yao ya daraja la tatu, ya mafundi na wapagazi na karani mmoja, ilikuwa imefika nusu fainali ya Kombe la Taifa, ya kuchezwa Jumamosi hapo hapo nyumbani. Mashindano ya mtoano hayana huruma: ukifungwa leo, kesho unarudi kwenye karakana yako. Wao walikuwa hawajafungwa. Raundi ya kwanza walipita kwa penalti, hapo nyumbani. Ya pili walishinda ugenini kwa bao la kujigonga. Robo fainali ikarudi nyumbani, wakaitoa timu ya ligi kuu, yenye basi lake na daktari wake, tena kwa penalti. Penalti ya mwisho, mara zote mbili, alipiga Cheche, fundi wa kuchomelea, kwa mtindo wake mmoja: mpira unapanda, unapanda, unaingia kwa kulamba mtambaa wa panya, ule mwamba wa juu wa goli. Kila jioni alitoka kazini akaenda kupiga thelathini kutoka kwenye alama ile ile.

Mzee Hatua alipiga magoti uwanjani, lile zuri kwanza, akavuta tepu. Alama ilipungua karibu mita nzima. Akapima upande wa pili. Vivyo hivyo.

Kocha alimkuta bado yuko chini, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi tuishie hapo. Wageni si walipiga hapo hapo? Kama ni karibu, kwao nako ni karibu."

"Wageni wanapiga mara moja. Cheche anapiga kila jioni."

"Mzee wangu, ukisema, shirikisho litatunyang'anya hata tulichokwisha kula. Ukisogeza, unamvuruga kijana siku mbili kabla ya mechi. Iache mpaka Jumapili. Jumapili isogeze hadi sokoni ukitaka."

"Nimekusikia," Mzee Hatua alijibu. Kusikia alisikia. Kukubali hakusema.

Siku mbili alizila bila ladha. Akiiacha, jina lake la miaka ishirini na sita lingebaki safi, na yeye peke yake angejua limeoshwa kwa maji gani. Akiisogeza, angemponza kijana wa watu. Jumamosi alfajiri alikwenda na ndoo ya chokaa na tepu ya jirani. Alama za zamani alizifuta kwa udongo na kuzikanyaga. Mpya akaziweka kwa tepu, mara mbili mbili, asiamini hata macho.

Saa sita mchana Cheche alipita kukagua nyasi.

"Mzee, leo umejipaka chokaa mpaka kwenye nyusi. Unaoa?"

Neno lilifika kwenye meno. Lakini kijana alikuwa anacheka, mabega yamelegea, na Mzee Hatua akaona akimwambia atayakaza. "Piga vizuri tu, mwanangu," alisema, akainama kwenye ndoo.

Walikuwa sare, bao moja kwa moja, mpaka dakika tisini. Wakaingia kwenye penalti, na uwanja ukatulia kwa raha kama mtu aliyefika kwake. Wapigaji wote wa pande mbili wakafunga, akabaki Cheche, wa mwisho wao. Aliuweka mpira, akarudi nyuma kama kawaida yake, akapiga kama kawaida yake. Mpira ukapanda, ukapanda, ukagonga mtambaa wa panya, ukaenda zake angani. Mgeni wa mwisho akaja, akafunga, wakatolewa.

Kocha alipita kando ya Mzee Hatua bila kumtazama. Alikuwa ameshaiona ile chokaa mbichi.

Mji hauwezi kulala na swali, na kabla ya jua kuzama jibu lilikuwa limepatikana: Cheche kanunuliwa. Mtu ambaye hajawahi kukosa anakosaje nusu fainali? Mwingine alikuwa amemwona na mgeni mwenye gari. Mwingine aliitaja hata rangi ya gari. Jumapili asubuhi mlango wa karakana yake ulikutwa umechorwa kwa mkaa neno moja: MSALITI.

"Usiende," mke wa Mzee Hatua alimwambia mumewe, akimtazama anavyofunga vifungo vya shati la kutokea. "Au nenda kesho, wakipoa."

"Kesho watakuwa wameshaamini."

Nyumba ya mama yake Cheche ilijaa kama ya msiba: shangazi, majirani, wachezaji wawili, wote mkekani kuzunguka masufuria, na Cheche mwenyewe pembeni, mgongo ukutani, sahani yake haijaguswa. Mzee Hatua alisimama kizingitini. Alisema yote pale pale, bila kupamba: ua, goti, tepu, kocha, chokaa ya alfajiri. Aliposema "na sikumwambia", alimgeukia Cheche, akairudia sentensi.

Mmoja wa wachezaji akaacha kutafuna.

"Kwa hiyo robo fainali niliifunga kwa goti lako," Cheche alisema.

"Shuti lilikuwa lako. Alama ndiyo ilikuwa ya goti langu."

"Na jana?"

"Jana ilikuwa mita kumi na moja. Nilipima mara mbili."

"Saa sita ulikuwa na mimi, Mzee. Tuko wawili tu pale."

"Nilikuwa na wewe."

Cheche aliisukuma sahani yake kando, macho chini. Shangazi mmoja alikuwa ameshaanza kunyanyuka kuelekea mlangoni, maana habari kama hiyo haikai ndani. Kufika saa kumi ingekuwa imefika mji wa pili.

"Nitakwenda kulisema pale karakana, hadharani," Mzee Hatua alisema. "Na mlango nitaufuta mimi. Nilitaka wewe ulisikie kwanza." Akageuka.

"Unakwenda wapi?" Mama yake Cheche alikuwa ameshika upawa, na uso wake haukuonyesha lolote, si hasira wala msamaha. "Huo mlango haukimbii."

Cheche hakuinua macho. Alikunja tu mguu wake, na kando yake pakapatikana nafasi ya mtu mmoja.

"Vua viatu, baba," mama alisema. "Ingia ule."