Ushauri wa Tilen kwa Wanaopanda Triglav

Tilen Koprivec alikuwa amepanda Triglav, mlima mrefu kuliko yote Slovenia, mara tisa, na mara ya tisa, kwa maneno yake mwenyewe, alipanda mikono yote miwili mfukoni huku akila tufaha. Tufaha lilishikwa na nani, hakuna aliyewahi kumuuliza. Waliosimuliwa habari hiyo walikuwa watalii, na mtalii ukimwambia lolote kwa sauti ya mwenyeji, ataitikia kwa kichwa na kupiga picha.

Alifanya kazi katika ofisi ya wageni, kwenye kijiji cha bondeni ambako mlima huo huonekana dirishani kila wingu linapoamua kuondoka. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wageni wapite wapi, walale wapi na wavae nini. Kazi yake ya pili, ambayo aliifanya kwa moyo zaidi, ilikuwa kuwadharau. Aliwadharau waliokuja kupanda mlima na ndala. Aliwadharau waliouliza kama kileleni kuna choo. Lakini waliomkera kupita wote ni wale waliomsifia jinsi Slovakia ilivyo nchi nzuri.

"Slovakia iko kule," huwajibu, akiwaonyesha mlango. "Safari njema."

Kiangazi kile mkuu wake, Bi Zdenka, alimkabidhi kazi ya kuandika kijitabu cha ushauri kwa wageni wa nchi yao ya Slovenia. Jina la mwandishi lingekaa kwenye jalada, na mwandishi huyo angeachana na vibarua vya msimu, apewe ajira ya kudumu. Tilen akaandika wiki mbili mfululizo, bichwa likivimba ukurasa kwa ukurasa.

"Mgeni mpendwa," aliandika, "nchi yetu ni ndogo, lakini milima yake haijaambiwa. Anza safari alfajiri. Radi zetu hupiga alasiri, na hazijali umelipa hoteli ya shilingi ngapi wala ya euro ngapi. Njiani msalimie kila unayepishana naye, hata kama kwenu mmezoea kununiana. Nyumba ya wapandaji ya huko juu weka nafasi mapema, beba shuka lako na fedha taslimu. Maji ya kuoga hakuna. Anayetaka kuoga abaki kwao."

Ukurasa wa tano ulihusu mila. "Ukifika kileleni kwa mara ya kwanza, utainama kando ya mnara wa chuma uliopo hapo na kuchapwa kamba makalioni. Ndivyo tunavyokaribishana. Usiite polisi." Kisha akamalizia kwa mbwembwe: "Ukingo wa mwisho, wenye waya wa chuma wa kushikilia, ni mchezo wa watoto. Anayeuogopa akapande ngazi za nyumbani kwake."

Sasa tuambiane ukweli, maana yeye hatausema. Ukingo huo Tilen aliuona mara moja tu maishani, tena kwa mbali, akiwa na miaka kumi na minne kwenye safari ya shule. Alifika mpaka nyumba ya wapandaji, akainua macho, akaketi chini. Akasema tumbo linamuuma. Wenzake walipanda, wakachapwa, wakarudi wakichechemea kwa fahari. Yeye alishinda jikoni na mpishi, Bi Milojka, akimenya viazi gunia zima. Na katika nchi ile, asiyepanda Triglav huhesabiwa nusu mwananchi. Ndipo sifuri ikajifungua tisa.

Mambo yaliharibika siku Bi Zdenka alipowagawia wageni rasimu ya kijitabu waijaribu. Mmoja wao alikuwa Bi Geertje, mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Uholanzi, nchi iliyo bapa kama sinia. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na alikuja mezani na rasimu yake imepigiwa mistari.

"Kijana, huo waya wa ukingoni uko mkono wa kulia au wa kushoto?"

"Uko kotekote, mama."

"Kotekote?"

"Inategemea umetazama wapi."

Bi Zdenka akainua kichwa kwenye meza yake. "Tilen, si umepanda mara tisa wewe?"

"Tisa, Bi."

"Basi ya kumi hiyo. Kesho mpeleke Bi Geertje, na uniletee picha yako kando ya mnara niiweke kwenye jalada. Ajabu, sijawahi kuiona picha yako hata moja ya huko juu."

"Simu iliibiwa, Bi."

"Mara tisa?"

Tilen akaanza kuzipanga ramani za mezani.

"Bila picha hakuna jalada," alisema Bi Zdenka, "na bila jalada kazi nampa mpwa wa padri. Yule anapanda kila Jumapili baada ya misa, na wala haongei."

Kesho yake wakaondoka. Bi Geertje alivaa buti nzito, kofia ngumu na mkanda wa kujifungia. Tilen alivaa raba.

"Mama, mbona umejifunga kama unakwenda vitani?"

"Ukurasa wa tatu unasema hivi."

"Hiyo ni kwa wageni."

Alipanda akimcheka mpaka saa nane mchana. Saa nane waliifikia nyumba ya wapandaji, na kicheko kikakatika chenyewe, kwani dirishani pa jikoni palikuwa na Bi Milojka yuleyule, mikono ileile minene, akikoroga supu ya kabichi na maharage. Tilen akaivuta kofia yake ya sufu mpaka chini ya nyusi. Akaagiza chakula kwa kidole. Akala akitazama ukuta.

"Mwenzako anaumwa?" Bi Milojka alimuuliza Bi Geertje.

"Anawaza."

Asubuhi, mbingu ikiwa safi, ukingo ukawa mbele yao. Haukuwa umepungua hata inchi moja tangu safari ile ya shule, miaka kumi iliyopita. Tilen akaukumbatia waya kwa mikono miwili kama mtu aliyekutana na ndugu yake bandarini.

"Waya uko kushoto," alisema Bi Geertje nyuma yake.

"Nimeona, mama."

"Hapo mbele unahamia kulia."

"Nimeona!"

"Kwa hiyo si kotekote. Sogeza mguu wa kulia. Tilen, huo ni wa kushoto."

Hivyo ndivyo mtaalamu wa nchi ya milima alivyopandishwa mlima wa kwao na bibi wa nchi bapa, hatua moja moja, kwa sauti ile ambayo mwalimu humfundishia mtoto mzito kujumlisha. Jasho lilimtoka mpaka masikioni. Lakini alifika.

Na alipouona ule mnara mdogo wa chuma na watu kama ishirini wameuzunguka, ulimi ukafufuka kabla ya miguu. Akaivua kofia. Akatoa kamba kwenye begi.

"Anayefika kwa mara ya kwanza ainame!" alipaza sauti.

Bi Geertje akainama bila kusita. Tilen akamchapa tatu, watu wakapiga makofi.

"Mimi hii ni ya kumi," akawatangazia. "Ule ukingo nimeupita mikono mfukoni."

Bi Geertje akavitazama viganja vya Tilen. Vilikuwa vyekundu kwa kutu ya waya.

"Mikono mfukoni?" sauti ikauliza kutoka nyuma ya mnara. Alikuwa Bi Milojka, ameketi upande wa jua na kipande cha mkate. Hupanda huko kupunga upepo kabla ya kurudi kupika cha mchana. "Afadhali kofia umeivua, mwanangu. Jana nilidhani una surua."

"Samahani, Bi, tunafahamiana?"

"Umenimenyea viazi gunia zima, halafu waniuliza kama tunafahamiana? Miaka kumi nakungoja upite mlangoni pangu kuja huku juu! Haya, lile tumbo limepona?"

Kisha, kwa kuwa amewalisha wageni miaka thelathini na anajua lugha zao za kutosha, akalirudia neno hilo kwa Kijerumani na kwa Kiitaliano, pasiwe na mtu wa kudhulumiwa. Kilele kizima kikaangua kicheko. Bi Geertje peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono, akaichukua kamba.

"Ukurasa wa tano," alisema.

"Mama, tafadhali..."

"Usiite polisi."

Tilen akainama. Bi Geertje akampa Bi Milojka simu yake.

"Hakikisha mnara wote umeonekana," alimwambia. "Ni picha ya jalada."