Mume Aliyeitamani Ulaya Moja

Adelina Wambura aliolewa na mwanamume mwenye mapenzi mawili, na alilijua hilo kabla ya kuvishwa pete. Alikuwa ametoka Tarime kuja Stockholm kusomea uuguzi, na mwaka 1968 akaolewa na Torsten Hedlund, afisa wa serikali aliyeshughulikia biashara ya nje. Mchana Torsten aliandika taarifa za ofisi. Jioni, nyumbani kwao Upplands Väsby, aliandika makala za magazeti, na zote zilisema jambo moja: mataifa ya Ulaya yaungane, na Sweden isibaki nje.

"Huchoki?" Adelina alimuuliza siku moja.

Ndipo Torsten akamsimulia habari za mama aliyempangisha chumba alipokuwa mwanafunzi Strasbourg, mji wa Ufaransa ulio mpakani na Ujerumani. Mume wa mama yule alifia vitani akiwa askari wa Ujerumani. Mwanawe akafa katika vita vilivyofuata, akiwa askari wa Ufaransa.

"Na nyumba yao haikuhama," Torsten alisema. "Mpaka ndio uliohama."

Adelina alimwonea huruma mama yule, lakini Ulaya yenyewe haikumgusa moyo. Kwao mpaka ulikuwa mstari wa ramani tu. Dada yake, Dafrosa, aliolewa Kisumu, na alikuwa akivuka mpaka wa Kenya na Tanzania pale Sirari kwenda kumwona mama yao, aliyeishi jirani na mpaka, kama mtu anayekwenda kwa jirani kuomba chumvi.

Machi 1971 serikali ilitangaza kwamba Sweden haitaomba uanachama wa jumuiya ya Ulaya, kwa kuwa nchi isiyofungamana na upande wowote haiwezi kujifunga hivyo. Torsten akaandika kupinga, tena kwa jina lake kamili. Mkuu wake akamwita.

"Kalamu au kiti," akamwambia. "Chagua."

Torsten alirudi nyumbani mapema, akakaa jikoni bila kuvua koti. "Nimechagua kalamu," alisema.

Adelina akamwekea kahawa mbele yake. "Basi andika. Mimi hospitali haijanifukuza."

Tangu hapo akawa mwandishi wa gazeti. Wenzake wa zamani wakimwona njiani walivuka barabara. Denmark ilipojiunga na jumuiya ile, Torsten alipanda treni hadi Malmö, akasimama kuitazama Denmark ng'ambo ya maji, kisha akarudi. Adelina hakumcheka. Aliona uso wa mtu aliyetoka kutazama harusi ambayo hakualikwa.

Mwanzoni mwa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Haukupita muda mrefu mama yao Adelina na Dafrosa akafariki. Simu ya Dafrosa ilifika Jumapili, sauti ikija na kupotea.

"Mdogo wangu, nilifika Sirari. Niliwaambia askari nakwenda kumzika mama. Wakasema ni amri."

"Na njia za porini, dada?"

"Zimejaa askari. Nilikaa upande huu mpaka jua likazama. Nilisikia vilio vya nyumbani, Adelina. Ni karibu kiasi hicho."

Laini ikakatika. Adelina alibaki ameishika simu kama mkono wa mtu. Torsten alikaa karibu naye, akaitwaa simu na kuirudisha mahali pake.

Siku kadhaa baadaye Adelina alimwambia, "Liandike hili."

"Ni msiba wenu. Nitauandikaje?"

"Nitasema mimi. Wewe piga taipu."

Makala ile haikuitaja Sweden hata mara moja. Ilipotoka, mkuu wa zamani wa Torsten alipiga simu kumpa Adelina pole. Hakugusia habari za Ulaya, na Torsten hakumchokoza.

Juni 1979 watu wa nchi tisa walipiga kura kuchagua bunge moja la Ulaya. Torsten alisogeza kiti karibu na redio. Adelina alitoka kazini, akakaa kando yake.

"Ungependa kuwa miongoni mwao?"

"Sana."

"Mimi ningependa kumwona Dafrosa nyumbani, kaburini kwa mama." Mpaka wa kwao ulikuwa bado umefungwa. "Ninyi Waswidi angalau mmejifungia nje wenyewe."

Torsten akapunguza sauti ya redio. Hakuwahi kukutana na shemeji yake. Akauliza Dafrosa hucheka vipi. Adelina akajaribu kuigiza, akaishia katikati. Torsten akamshika mkono, redio ikiendelea kutaja majina ya washindi wa nchi za watu.