Mtoto wa Kumtibu Levi

Watu wa kwetu Naitiri wana huruma, siwezi kuwasingizia, lakini huruma yao ina mdomo. Nilipopata mimba mwaka wa 2006, hata kabla tumbo halijaonekana, soko zima lilijua mimba ile ni ya kazi gani.

Levi wangu alikuwa na miaka saba na ugonjwa wa selimundu, huu wanaouita sikoseli. Chembe zake za damu hupinda na kukwama mishipani, na maumivu yakimshika mifupa hulia mpaka sauti inakauka. Nilikuwa nimechoka. Uchovu wa jembe huisha ukilala. Huu wangu nililala nao na kuamka nao.

Daktari wa Levi kule Kitale ndiye aliyetueleza, mimi na mume wangu Walubengo. Ndani ya uboho wa mifupa kuna seli shina, ambazo ndizo mama wa chembe zote za damu. Za Levi zinazaa chembe mbovu. Akipata za ndugu yake wa tumbo moja, zikilingana na zake, anaweza kuanza kutengeneza damu nzuri. Levi hakuwa na ndugu. Lakini damu inayobaki kwenye kitovu mtoto akizaliwa imejaa seli hizo, na sisi huitupa. Ikilingana, tungetafuta hospitali ya nje ya nchi ya kumpandikizia.

"Katika ndugu wanne, pengine mmoja ndiye atalingana," alisema. "Tafadhali, msizae kwa sababu hiyo tu."

Tulirudi nyumbani tukafanya kwa sababu hiyo tu.

Mama mkwe, Nekoye, aliposikia neno seli alishika kichwa. "Ati mutoto hajazariwa, na mumeshamuweka seli? Ameiba nini?" Walubengo alicheka. Mimi sikuwa na nguvu ya kucheka.

Akaja mzee wa kanisa, Khaemba, Biblia kwapani. Alikuwa amesikia redioni kwamba huko ng'ambo wanavunja mimba za siku chache ili wachukue seli zake. "Huo ni uuaji, Edinah."

"Hizo ni zingine, mzee. Wanasayansi wanazipenda kwa sababu zinaweza kugeuka kuwa chochote, moyo ama ini, na hata wao wanabishana kama ni halali. Sisi tunachukua damu ya kitovu, na mtoto haumii."

Akafikiria. "Sawa. Lakini mtoto huzaliwa kwa ajili yake mwenyewe. Si spea ya mwingine."

"Na wewe, mzee, wale wako wote uliwazaa kwa ajili yao wenyewe, ama ng'ombe walikuwa hawana mchungaji?"

Alimaliza chai yake, akarudisha Biblia kwapani. Nilijua ana haki kidogo, na hiyo ilinikasirisha zaidi.

Jentrix alizaliwa Kitale, msichana mwenye mapafu ya kuamsha wadi. Wakakusanya damu ya kitovu, sampuli ikapelekwa Nairobi, tukangoja. Nilimnyonyesha nikimwangalia kama mtihani ambao matokeo yake hayajatoka. Uso wake sikuwa nimeujua bado.

Daktari alipiga simu mwenyewe. "Mtoto hana selimundu, Mama Levi. Ni mzima kabisa. Lakini seli zake hazilingani na za Levi. Pole sana."

Nilisema asante, nikaketi chini pale pale jikoni. Walubengo akaenda kwa mahindi bila jembe. Mtoto mzima alikuwa ndani ya nyumba, na hakuna aliyemshukuru Mungu.

Levi akaingia akichechemea, goti lilikuwa limeanza tena. Akasimama karibu na mdogo wake.

"Si mlisema huyu ni dawa yangu?"

"Tulisema. Haikuwezekana."

Kisha akainama, kwa shida, akamvutia Jentrix shuka mpaka kidevuni.

"Basi msimrudishe, mama," akasema. "Mimi nitavumilia tu."