Buluu ya Kiangazi

Kila asubuhi ofisini, kabla hata hajavua mtandio, alifuta vumbi kwenye skrini ya kompyuta, akawasha birika la umeme, kisha akaweka simu karibu maana ilikuwa saa ya shangazi. Shangazi, mpishi wa shule ya msingi kijijini kwao, alipiga akiwa jikoni. Aliuliza umelalaje, umekula nini, umepata mchumba au bado unaona haya, halafu akakata bila kuaga kwa sababu uji ulikuwa unafurika.

Siku hiyo hakuuliza alivyolala.

"Mwanangu, lori la maji limegeuzwa njiani."

"Limegeuzwa na nani, shangazi?"

"Na ramani yenu. Dereva kapigiwa simu kwamba sisi tuna bwawa, maji yaende kwa wasio nalo. Nilipompigia akaniuliza, 'Mama, bwawa zima hilo, mnataka nini tena, bahari?' Nikamwambia njoo basi ulione. Akasema yeye ni dereva, si mtalii." Shangazi akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Si kitu. Utawaambia wakubwa wako. Leo sijabandika uji. Tangi la shule ni tupu, watoto tumewarudisha nyumbani."

Birika lilichemka mpaka likajizima, yeye bado kashika simu iliyokatika.

Ramani yenyewe ilikuwa ukutani, nyuma ya kiti chake. Aliichora yeye, kutokana na picha za setilaiti, kuonyesha maji yote yaliyo juu ya ardhi: mito, mabwawa, madimbwi. Mwanzoni aliipaka buluu mbili. Nzito ilikuwa ya maji yanayokaa mwaka mzima, nyepesi ya maji yanayokuja na mvua na kuondoka nayo. Bwawa la kwao lilikuwa jepesi. Ndipo mkuu wa kitengo akaja kusimama nyuma yake na kikombe cha chai. Wageni waliogharimia mabwawa walikuwa njiani, akasema, na hiyo rangi hafifu ingeleta maswali. "Maji ni maji. Unganisha."

Alifungua mdomo. Kilichotoka ni "Sawa, mkuu."

Sasa alisimama mlangoni kwa mkuu, vidole vikichezea ncha ya mtandio.

"Samahani, mkuu. Ile ramani… nadhani kuna mahali… yaani, pengine…"

"Pengine nini? Wewe dada, utadhani maneno nayo yana mgao." Waliokuwemo wakacheka. Mkuu hakuwa mtu mbaya, akamvutia kiti.

"Malori yameacha kwenda kwenye mabwawa ya msimu. Na mabwawa hayo sasa hayana maji."

"Ah." Akavua miwani. "Hayo ni ya watu wa malori. Wao wanafuata ramani iliyopitishwa. Tutarekebisha kwenye toleo lijalo."

"Toleo lijalo linatoka baada ya mvua."

"Si afadhali? Mvua zikishanyesha, watakuwa nayo maji."

Alimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa akitania. Akasema asante, akarudi kwenye kiti chake, akachukia jinsi alivyosema asante.

Ijumaa aliomba ruhusa ya siku moja, akapanda basi na madumu ya maji. Kutoka kituoni aliyafunga kwenye baiskeli ya kukodi, akaisukuma kupitia bwawani. Tope lilikuwa limepasuka vipande vipande, kingo zimejikunja juu kama ngozi iliyoanikwa. Nyayo za ng'ombe zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu kama kokoto. Nguzo ya kupimia kina ilisimama peke yake, namba zake zote nje. Katikati, wanawake walikuwa wamechimba shimo na kukaa pembeni, wakingoja yajikusanye maji ya rangi ya kutu, wayachote kwa kopo.

Aliwaamkia. Mmoja akanyanyua kichwa.

"Heee, mwenye bwawa kaja! Karibu uogelee."

"Muacheni," mwingine akasema. "Ataogeleaje, na nguo za kuogelea kaacha ofisini?"

Walicheka, na hakuna aliyesogea kumpisha.

Jikoni shuleni, sufuria kubwa lilikuwa limefunikwa kifudifudi juu ya mafiga, majivu yamepoa. Shangazi aliyapokea madumu kwa mikono miwili.

"Umejisumbua, mwanangu. Keti."

Akasuuza vikombe viwili kwa maji kiduchu, maji hayohayo akayamimina kwenye beseni ya kuoshea mikono.

"Shangazi, niliongea na mkuu."

"Najua uliongea. Si kitu."

"Wamesema mpaka baada ya mvua. Si mimi ninayepitisha. Mimi nilipaka rangi mbili, wao wakataka moja."

"Si kitu, nimesema." Alichukua kitambaa akaanza kupangusa sufuria lililokuwa safi. Alipangusa mgongo wake, masikio yake, akarudia palepale.

"Wakubwa hukaa mjini tu. Hawajui hali ya huku. Hawajawahi kukiona kiangazi cha huku hata siku moja."

Mkono wa shangazi ukasimama.

Alitazama nje, kwenye uwanja wa shule usio na mtoto. Aliporudi kumtazama, uso wake haukuwa na lile tabasamu la kumpokea mgeni.

"Wao hawajui," akasema. "Wewe umekulia hapa. Kila kiangazi ulikatiza katikati ya bwawa hilohilo kwenda shule, viatu mkononi, kwa sababu tope kavu lilikuwa njia fupi. Huyo mkuu wako simjui, sina neno naye." Akaweka kitambaa chini. "Nakulaumu wewe."