Tayamamu ya Masudi

Pale Rwamgasa hapakuwa na muumini wa kumpita Masudi. Adhuhuri ikiingia, huyo, mpaka kwenye karasha la Mwamvua linalosaga mawe ya dhahabu, akilalamika kwamba maji ya kutawadha hana. Basi anatayamamu. Anapiga viganja kwenye vumbi lenye dhahabu ya watu, usoni anapitisha kidogo kwa heshima, halafu anajifuta kwa leso, anaikunja taratibu na kuitia mfukoni. Alasiri anarudi na leso nyingine.

Mwamvua, naye Mwislamu, hakukerwa na swala. Alikerwa na leso. Siku moja akaweka pipa la maji na birika kando ya karasha.

"Karibu, shehe. Tawadha mpaka uchoke."

Masudi akalitazama pipa kama limemtukania mama. Akasema maji ya kisima yanampa mafua.

"Basi tayamamu, baba. Ila leso niachie nikufulie."

Tangu hapo Masudi anaswalia kwenye karasha la Onesmo, Mkristo asiyejua tayamamu ni kitu gani, ila kwa kuheshimu dini ya mwenzake humtandikia mkeka kwa mkono wake, palepale penye vumbi zuri.